Komeo Kabla ya Kibao: Vyoo, Mabafu na Usalama wa Wanawake Sherikat

Katika viwanja vingi vya kupanga vya Sherikat, kitongoji cha Juba, Sudan Kusini, bafu ni miti minne iliyochimbiwa ardhini, turubai au mabati chakavu yaliyozungushwa hadi usawa wa mabega, jiwe bapa la kusimamia, na juu yake anga tupu. Mlango hakuna, lipo pazia la gunia. Anayeingia hutupia kanga juu ya ukuta, na kanga hiyo ndiyo komeo: ukiiona, ujue kuna mtu. Bafu hilo hilo hutumiwa na familia tano au sita, na pengine madereva wawili watatu wanaosubiri mizigo yao ishushwe. Mwanamke asiyetaka kuchunguliwa husubiri giza. Na giza la Sherikat lina watu wake.

Mwezi Juni 2025 kitongoji hiki kiliingia kwenye habari za dunia kwa jambo baya. Msichana wa miaka 16 alibakwa na kundi la vijana, video ikasambazwa kwenye simu, na Juba nzima ikapandwa na hasira. Polisi wakafanya msako wa magenge ya vijana, wale ambao mjini huitwa “toronto”, wakakamata kwa mamia. Msako wa aina hiyo humzoa mwenye kosa pamoja na mpita njia, lakini hayo tuyaache. Mazungumzo yaliyofuata yalihusu magenge, na yalistahili. Ila usalama wa mwanamke una upande mwingine usiopigwa video, na huo ndio upande wa kila siku: anajisaidia wapi, anaoga wapi, anabadilisha nguo wapi, na nani anaweza kumfikia akiwa huko.

Kwingineko duniani swali hili limekuwa vita ya maneno. Uingereza, Septemba 2018, gazeti la Sunday Times lilichapisha takwimu zilizoombwa kwa sheria ya uhuru wa habari kuhusu vyumba vya kubadilishia nguo kwenye mabwawa ya kuogelea na kumbi za michezo. Kati ya malalamiko 134 ya kushikwashikwa, kusumbuliwa na kuchunguliwa, 120 yalitoka kwenye vyumba vinavyotumiwa na wanaume na wanawake pamoja. Wanaodai vyumba vitenganishwe kwa jinsia waliona kesi imekwisha. Wapinzani wao wakajibu kwamba hesabu ya malalamiko bila hesabu ya watumiaji ni nusu ya hesabu: kama vyumba vya pamoja ndivyo vingi, au ndivyo vyenye watu wengi, malalamiko nayo yatakuwa mengi huko hata hatari ikiwa sawa. Mwaka huohuo watafiti wa taasisi moja ya Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, walilinganisha miji ya Massachusetts yenye sheria za kuwaruhusu watu waliobadili jinsia kutumia vyoo na vyumba vya kubadilishia nguo vya jinsia wanayojitambulisha nayo na miji isiyo na sheria hizo, wasione tofauti ya matukio ya uhalifu. Tarehe 16 Aprili 2025 Mahakama ya Juu ya Uingereza iliamua kwamba mwanamke, katika Sheria ya Usawa ya 2010, maana yake ni mwanamke kwa jinsia ya kuzaliwa. Kelele hazikupungua kwa hukumu hiyo.

Ninaposoma mabishano hayo naona pande zote mbili zikiruka jambo moja lililo wazi mbele yao. Vile vyumba vya pamoja vya Uingereza vingi ni safu ya vibanda vyembamba, ukuta haugusi sakafu wala dari. Mtu hupenyeza simu chini au juu yake akapiga picha. Jengeni ukuta kutoka sakafuni hadi darini, wekeni mlango unaojifunga vizuri, na sehemu kubwa ya malalamiko hayo inakosa pa kutokea, chumba kiwe cha wanawake, cha wanaume au cha wote. Korea Kusini walijifunza somo hilo kwa njia nyingine. Vyoo vingi vya umma vya huko vimetenganishwa, kibao cha wanawake kipo, na bado kamera ndogo zilikuwa zikifichwa ndani ya vyoo vya wanawake vyenyewe. Mwaka 2018 wanawake waliandamana kwa maelfu mjini Seoul, na jiji likaamua kukagua kila siku vyoo vyake vya umma, takriban 20,000. Kibao kilikuwa mahali pake muda wote huo.

Sasa turudi Sherikat, ambako bwawa la kuogelea hakuna na chumba cha kubadilishia nguo maana yake ni rafiki aliyekushikia kanga sokoni ukijaribu gauni la mtumba.

Sherikat iko ng'ambo ya mashariki ya Nile, upande wa Rejaf, jirani na Gumbo, pale barabara ya kilomita 192 kutoka Nimule inapoingia mjini. Barabara hiyo ilikamilika kuwekewa lami mwaka 2012 kwa fedha za Marekani, na tangu hapo sehemu kubwa ya kile Juba inachokula, inachovaa na inachochoma kwenye injini imepitia hapa. Ndiyo maana Kiswahili kinasikika hapa kuliko sehemu nyingi za mji: madereva na matingo wa Kenya na Uganda, wauza vipuri, mama ntilie, wenye gesti. Pamoja nao wako waliokimbia vita na mafuriko ya jimbo la Jonglei, askari na familia zao, na wenyeji wa Kibari ambao ardhi ilikuwa yao kabla ya wote. Watu hawa hawajuani, kabila si moja, lugha si moja, na wanakutana kwenye choo kimoja.

Kwa nini choo kiwe kimoja? Jibu la haraka ni umaskini, lakini halitoshi. Mwenye kiwanja cha Sherikat hana hakika kama mwakani kitakuwa chake. Mwezi Juni 2020 mgogoro wa ardhi hapahapa uligeuka kuwa wa risasi, watu wakafa, na Rais akaunda kamati ya uchunguzi. Anayeishi kwa hofu ya kunyang'anywa hachimbi shimo la mita sita na kulijengea kwa tofali. Anajenga kitu anachoweza kukibomoa na kuondoka nacho. Turubai ni mali inayobebeka. Mpangaji naye, anayelipa kwa mwezi, haoni sababu ya kununua kitasa cha mlango wa mtu mwingine. Halafu kuna maji. Sehemu kubwa ya Juba bado inanunua maji ya malori ya matangi na kuyahifadhi kwenye mapipa, kwa hiyo mtu huoga karibu na pipa lake, au huteremka mtoni. Mtoni, walau, kuna utaratibu wa zamani: wanaume wana upande wao na wanawake wana wao. Hakuna kibao, hakuna sheria, lakini macho ya watu wengi yapo, na anayevuka mpaka anajulikana.

Sudan Kusini nzima, zaidi ya nusu ya watu hujisaidia porini. Ukilitazama hilo, ugomvi wa choo cha nani ni wa nani unaweza kuonekana kama anasa. Mimi sioni hivyo. Kinachonishawishi ni utafiti wa shirika la International Rescue Committee na Chuo Kikuu cha George Washington uliotolewa 2017, uliofanywa Juba, Rumbek na kwenye kambi za wakimbizi wa ndani. Katika maeneo hayo hadi asilimia 65 ya wanawake na wasichana walisema wamewahi kupigwa au kudhulumiwa kingono maishani. Takriban theluthi moja walifanyiwa ukatili wa kingono na mtu ambaye si mume wala mpenzi, mara nyingi wakati wa mashambulizi. Na asilimia 51 waliumizwa na waume au wapenzi wao wenyewe. Takwimu hii ya mwisho huachwa kila tunapozungumzia milango: mbakaji wa gizani ni wa kweli, lakini mtu hatari zaidi kwa wengi ana ufunguo wa nyumba.

Kuhusu yule wa gizani, Juba ina kumbukumbu mbichi. Vita vilipozuka Desemba 2013 maelfu waliingia kwenye vituo vya Umoja wa Mataifa, na vituo hivyo vikageuka makazi kwa miaka. Vita viliporudi Julai 2016, wanawake waliotoka nje ya kituo cha UN House kutafuta chakula walikamatwa na kubakwa njiani. Umoja wa Mataifa uliorodhesha kesi zisizopungua 217 za ukatili wa kingono Juba kati ya tarehe 8 na 25 mwezi huo. Kamanda wa kikosi cha kulinda amani, jenerali wa Kenya, aliondolewa baada ya uchunguzi kuonyesha jinsi walinzi walivyoshindwa kuchukua hatua. Hapakuwa na mlango wa kujadili. Palikuwa na safari, ya kwenda sokoni, ya kwenda kutafuta kuni, ya kwenda kuteka maji, na hatari ilikaa kwenye safari hiyo.

Hilo la safari ndilo msingi wa viwango vya mashirika ya misaada. Mwongozo wa Sphere, unaotumika kambini kote duniani, unataka choo kimoja kwa watu 20, kisizidi mita 50 kutoka makazi, kiwe na komeo la ndani na mwanga, na kwenye vyoo vya umma wanawake wapate matundu matatu kwa kila moja la wanaume. Kutenganisha kumo, lakini hakuko peke yake: kumeandamana na umbali, idadi, mwanga na komeo. Nani ameishi kambini asijue kinachotekelezwa kwanza? Kibao. Kuchora picha ya mwanamke aliyevaa gauni kwenye bati ni kazi ya dakika tano na huonekana vizuri kwenye picha ya ripoti. Komeo hununuliwa, hupigwa misumari, na baada ya miezi miwili limeng'olewa.

Kwamba umbali na idadi vina uzito, jambo hilo limewahi kupigiwa hesabu Afrika Kusini. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Yale mwaka 2015 waliunda modeli ya kitongoji cha Khayelitsha, Cape Town, ambako wanawake hutembea usiku kwenda vyoo vya pamoja. Kwa makadirio yao, vyoo vikiongezwa kutoka 5,600 hadi 11,300, mashambulizi ya kingono yangeshuka kutoka 635 hadi 446 kwa mwaka, na jumla ya gharama kwa jamii ingepungua badala ya kupanda, kwa sababu ubakaji nao una gharama: hospitali, polisi, mahakama, siku za kazi zilizopotea. Ni modeli, si ushahidi wa macho. Lakini inaendana na yale wanawake wa mitaa ya mabanda ya Nairobi waliyowaambia Amnesty International mwaka 2010, kwamba baada ya giza kuingia choo kilicho mbali ni kama hakipo.

Je, basi kutenganisha kwa jinsia hakuna kazi? Kuna, na shuleni ndiko kunakoonekana wazi zaidi. Mchumi Anjali Adukia alichunguza mpango wa kujenga vyoo vya shule India ulioanza 2003. Kwa watoto wadogo choo cha aina yoyote kiliongeza uandikishaji. Kwa wasichana waliokwisha kuvunja ungo, choo cha pamoja hakikusaidia. Walibaki shuleni pale tu kilipokuwepo choo chao. Matokeo hayo yalichapishwa 2017, na mwalimu yeyote wa kike wa Afrika Mashariki angeweza kuyatabiri. Msichana mwenye hedhi anahitaji mahali pa kubadilisha, maji, pa kutupia, na uhakika kwamba mvulana wa darasa lake hatasimama nje akihesabu dakika. Tanzania imeweka kiwango cha tundu moja kwa wasichana 20 na moja kwa wavulana 25. Kenya, 25 na 30. Shule ngapi zinafikia viwango hivyo ni suala jingine, lakini angalau kanuni imeandikwa na mzazi anaweza kuidai.

Kwa hiyo msimamo wangu ni huu: kutenganisha kuna thamani kubwa pale ambapo ukuta ni dhaifu na watumiaji hawajuani. Kadiri chumba kinavyokuwa kamili, chenye mlango mzima na mtu mmoja ndani, ndivyo kibao kinavyopungua maana. Nyumbani hakuna choo cha wanaume na choo cha wanawake, na hakuna anayelalamika, kwa sababu mlango unafungwa. Sherikat iko upande mwingine kabisa wa mizani, ukuta wa turubai na wageni tupu, na ndiyo maana inahitaji utengano zaidi kuliko Uingereza inavyouhitaji. Lakini inauhitaji kama kitu cha nne, baada ya komeo, taa na umbali.

Anayeona utengano unatosha peke yake na akumbuke St. Kizito. Ilikuwa shule ya mchanganyiko huko Meru, Kenya, yenye mabweni yaliyotengwa kama kanuni zilivyotaka. Usiku wa tarehe 13 Julai 1991 wasichana waliokataa kujiunga na mgomo wa wavulana walijikusanya katika bweni moja. Wavulana walivunja na kuingia. Wasichana 19 walikufa, 71 walibakwa. Bweni lilikuwa la wasichana, kila mtu alijua ni la wasichana, na kujua huko ndiko kulikowaonyesha washambuliaji pa kwenda. Hili huwa halisemwi: mahali palipotengwa kwa wanawake bila mlinzi na bila ukuta imara ni anwani. Kwenye kiwanja cha Sherikat, bafu la wanawake lililosukumwa nyuma kabisa, karibu na uzio wa nyasi, “kwa ajili ya heshima”, limewekwa pale pale ambapo mtu kutoka nje ya uzio angependa liwe.

Taa nayo haitoshi peke yake. Oxfam na Chuo Kikuu cha Loughborough walichunguza kambi za Iraki, Nigeria na Uganda, na ripoti yao ya 2018 ilisema mwanga unasaidia watu kujisikia salama, lakini choo kichafu kisichofungika hakigeuki kuwa salama kwa kuwekewa balbu. Kinachofanya kazi vizuri zaidi kwa macho yangu ni mtu. Nairobi, vyoo vya kulipia vya Ikotoilet alivyoanzisha David Kuria katikati ya jiji vilikuwa na upande wa wanawake na upande wa wanaume, sawa, lakini kilichobadilisha hali ni mhudumu mlangoni anayepokea sarafu, anayefagia, anayejua nani ameingia na nani bado hajatoka. Mng'arisha viatu amekaa nje, muuza soda yuko pembeni. Mtu mwenye nia mbaya hapendi mahali penye wafanyabiashara watatu. Karibu na soko la Sherikat na maegesho ya malori, choo na bafu la kulipia lenye mhudumu wa kike mchana na mlinzi usiku lingeweza kujilipa lenyewe. Madereva wanaolala ndani ya vichwa vya malori wangekuwa wateja wa kwanza, na wakiwa na bafu lao hawataoga kwenye viwanja vya watu.

Yapo maswali ambayo kibao cha aina mbili hakiwezi kuyajibu hata kikichorwa vizuri namna gani. Mama mwenye mtoto wa kiume wa miaka minane anamwacha wapi? Baba anayemwogesha binti yake asiyeweza kutembea anaingia mlango gani? Wavulana nao hubakwa, na wao husema mara chache zaidi. Swali la watu waliobadili jinsia, linalowasha moto London na Washington, hapa haliulizwi kwa sauti, kwa kuwa Sheria ya Adhabu ya Sudan Kusini ya 2008 humwadhibu hata mwanamume anayevaa kama mwanamke hadharani. Mtu wa namna hiyo, kama yupo Sherikat, husubiri giza kuliko wote. Kwa wote hao chumba kimoja kamili chenye komeo, kinachotumiwa na mtu mmoja mmoja au mtu na msaidizi wake, ndicho jibu rahisi, na kinaweza kujengwa kando ya vile viwili bila kumnyang'anya mwanamke yeyote chake.

Watasema wazee kwamba tatizo ni maadili, vijana warudishiwe adabu na mambo yatanyooka. Maadili yanahusika. Ila ukimuuliza mama anayepanga chumba kama anasubiri maadili au komeo, utapata jibu haraka.

Na ikitokea, aende wapi? Ubakaji, kwa sheria ile ile ya 2008, una kifungo kisichozidi miaka 14, na sheria hiyo haihesabu tendo la mume kwa mkewe kuwa ubakaji. Hospitali ya Juba Teaching ina kituo kinachompokea aliyedhulumiwa kwa matibabu, ushauri na polisi mahali pamoja, kilichofunguliwa 2017. Desemba 2020 ilifunguliwa Juba mahakama maalumu ya ukatili wa kijinsia na watoto. Ni hatua za kweli, na zimesaidia watu. Lakini zote mbili ziko ng'ambo ya magharibi ya mto. Dawa za kuzuia virusi vya UKIMWI zinatakiwa kuanza ndani ya saa 72, na boda boda nyingi hazikubali kuvuka daraja usiku.

Mwenye nyumba unayepokea kodi ya vyumba sita, piga bati bafu lako lifike juu ya kichwa cha mtu mrefu, libandikie mlango, weka komeo ndani, si nje, na ulihamishe kutoka uzioni liwe karibu na milango ya wapangaji. Uongozi wa Rejaf ufanye hayo kuwa sharti la kila kiwanja kinachopangishwa, ukague, na utoze faini. Vibao vya wanawake na wanaume vitundikwe siku hiyo hiyo, juu ya milango inayofungika.